Poda ya Bukama

Ninyi marafiki mnaonishika mkono kila Jumapili mlangoni mwa kanisa na kuniuliza, "Mama Kapinga, mutoto iko wapi?", nawaandikia mara moja tu ili nisiulizwe tena. Someni, peaneni, kisha mniache. Mambo ya tiketi na makaratasi siyasemi, kila aliyepanda treni ile anayajua. Nitasema yaliyotukuta njiani na kule tulikofika, na kwa nini niliondoka Likasi na binti nikarudi na kapu.

Panda, kabla ya treni

Kwa asiyetujua vizuri: tunakaa Panda, mtaa wa Likasi, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi, na watoto wetu watatu hawaendi shule. Si kwamba hatukuweza. Hatukutaka. Mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi. Kapinga, kifungua mimba wetu, aliingia darasa la kwanza akiwa mtoto wa maswali: kwa nini moshi wa kiwanda cha Shituru leo unaelekea huku, kwa nini kuku halali chali. Alipokuwa na miaka saba nilimkuta jikoni, hapa hapa nyumbani kwetu, amesimama karibu na ndoo ya maji, kidole juu. Nikamwuliza anataka nini.

"Madame, minaweza kunywa mayi?"

Aliniita Madame, kama wanafunzi wanavyomwita mwalimu darasani. Kesho yake hakwenda shule, na mimi mwenyewe sikudumu huko baada ya hapo.

Tangu siku ile watoto wetu wanajifunza kwa kuishi. Baba yao ni mchomeleaji. Anatengeneza milango, madirisha na mbabula, yale majiko ya makaa mnayopikia. Kapinga sasa ana miaka kumi na miwili. Anapima chuma, anakikata, anasoma kitabu cha nyimbo bila kukwama, anawaandikia barua majirani wasiojua kuandika. Siku zetu za kiangazi mnazijua. Asubuhi kuna baridi na vumbi, tunamwagilia nyanya kando ya kijito, tunaota moto, kisha kila mmoja anafuata lililomshika. Kengele hatuna. "Kapinga, leo unataka kufanya nini?" Hilo ndilo swali la nyumba yetu, na mimi nililiuliza kila siku kama wengine wanavyosali.

Julai na Agosti ndiyo miezi yetu ya amani. Shule zikifungwa, watoto wote wa mtaa wanakuwa kama wangu. Yadi inajaa, wanagombania nyundo, wananiharibia matuta ya nyanya, na hakuna mtu mzima anayeuliza kwa nini wangu wako nyumbani. Septemba wanachukuliwa wote siku moja. Tunabaki na yadi tupu na macho ya watu.

Mwaka huu Julai ilianza vibaya. Desturi yetu ni ileile: siku ya kutangaza matokeo, mtoto aliyepita humwagiwa poda kichwani na shingoni, na njia nzima hadi kwao watu humpigia vigelegele. Rafiki wa Kapinga wa nyumba ya pili alipita. Kapinga alimsindikiza shuleni wakarudi pamoja, mmoja mweupe kwa poda, mwingine na vumbi la barabara tu. Alikaa karibu na mbabula akitazama makaa. Nilimwuliza ana nini, akasema hana kitu. Mtoto huyu hajawahi kuninyima jibu.

Ndipo mama mkwe akapiga simu kutoka Mwene-Ditu. Miguu inamwuma, anataka kumwona mjukuu aliyepewa jina lake kabla hajafa. Hawakuwa wameonana hata siku moja, na ya shule hatukuwa tumemwambia. Mama mkwe aliondoka Likasi kwa treni miaka ile Wakasai walipofukuzwa Katanga, na hakurudi tena. Mume wangu ndiye aliyerudi, akiwa kijana anayetafuta kazi, akanipata mimi, Msanga, mwenyeji wa Katanga hiyohiyo. Mnaweza kufikiri wenyewe jinsi kwao walivyoshangilia. Safari hii alisema ana milango ya watu ya kumaliza. Basi tukaondoka wawili, mimi na Kapinga, turudi kabla ya mvua.

Likasi hadi Tenke

Treni ilisemekana itakuja asubuhi. Kweli ilikuja asubuhi, ila si asubuhi ile. Majirani walituaga kwa machozi, jioni wakatuona tunarudi na mizigo kichwani, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mara ya pili tulipoondoka hakuna aliyejisumbua kulia.

Hatukufika mbali. Karibu na Mulungwishi injini ilizimika. Kati ya mahali pote pa kuzimika! Huko ndiko nilikosomea ualimu. Nilikaa kwenye nyasi zilizoungua nikitazama miti ya misheni, nikikumbuka tulivyofundishwa kushika chaki na kunyamazisha watoto kwa jicho moja. Kapinga hakukaa. Alikwenda kwa mafundi, akainama nao, akarudi mikono myeusi.

"Mama, ni pompe ya mazout. Banaifungula. Balinionyesha ndani."

Pampu ya dizeli! Nilifurahi sana. Nikasema moyoni, ni shule gani ingempa hiyo? Ishikeni furaha hiyo, maana katika habari hii haiko nyingine.

Behewani tulikaa na mzee mmoja mwenye koti, karani mstaafu, mtu wa adabu zake. Treni ilipoanza tena kutembea alimwuliza Kapinga lile swali la darasa ambalo kila mtu mzima wa nchi hii humwuliza mtoto baada ya salamu.

"Uko mu année gani, mama?"

"Minasomaka ku nyumba, papa."

"Ku nyumba? Juu ya nini?"

Kapinga alinitazama. Nikaeleza mimi. Nilieleza kwa upole na kwa urefu, kama nilivyowaeleza ninyi mara nyingi: kwamba tulimtoa wenyewe, kwamba mtoto huyu anachagua anachojifunza. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, akashusha sauti, lakini si vya kutosha.

"Mama, usisikie haya. Minye niko na ndugu yangu, alikuwa na ule ugonjwa wa kuanguka. Balimutosha ku masomo vilevile. Kuko dawa."

Behewa zima lilisikia kwamba mtoto alitolewa shule kwa kifafa. Mama mmoja akamvuta mtoto wake kwa upande. Mwingine akatoa yai la kuchemsha, akalimenya, akampa Kapinga kwa mikono miwili. Nikasema mtoto wangu haumwi. "Eyo, mama, eyo," wakaniitikia, kama mtu anavyoitikiwa anapoficha msiba wake. Tangu hapo, kila treni iliporuka kidogo, watu watatu walimrukia Kapinga na kumshika asianguke. Wenzangu, mngecheka. Mimi nilitamani kushuka nitembee kwa miguu.

Kapinga alilila yai taratibu. "Mama, juu ya nini usiseme tu minasoma?"

"Kwa sababu si kweli."

"Eyo. Si kweli," akasema, akageukia dirisha.

Tenke hadi Luena

Tenke tulikaa mpaka tukawajua wauzaji wote kwa majina. Tulikula viazi vitamu vya kuchoma na kunywa munkoyo uliochacha kupita kiasi. Pori lilikuwa linaungua pande zote, kila tulipogusa paliacha jivu mkononi. Watoto wa abiria walicheza mchezo wa shule kati ya reli mbili za kando: mmoja mwalimu, wengine wamekaa kwenye mataruma. Nilimwona Kapinga amekaa nao, mstari wa mbele, mgongo umenyooka. Ni mkubwa kwa michezo hiyo. Yule mwalimu wa kuigiza alimwamuru asimame, akasimama.

Mchezo ni mchezo, nilijiambia, na huyu amechagua kuucheza.

Luena behewa letu lilionekana lina ubovu, likakatwa, tukasukumizwa kwenye mengine kati ya magunia ya makaa. Yule mzee alikuwa amefika kwake. Kabla ya kushuka alimwekea Kapinga mkono kichwani akamwombea kwa sauti, apone, arudi masomoni. Nilimshukuru shingo upande. Kapinga alisema "Amina" na akasema kwa moyo.

Luena hadi Bukama

Katika behewa jipya hakuna aliyetujua. Tulikaa karibu na mwanamke mmoja mfanyabiashara, Mama Bijou, mnene, mcheshi, aliyekalia katoni zake kama kuku anayelalia mayai. Kapinga alimsaidia kuzifunga upya kwa kamba, maana anajua vifundo vya kila namna, na wakawa marafiki. Katoni zilikuwa za poda. Alizitoa Lubumbashi kuziuza Kasai.

"Saa hii ya matokeo," Mama Bijou alisema, "ku Kasai poudre inaishaka mbele ya munyu."

Tulifika Bukama jua likiwa juu. Treni ikavuka daraja, mto Lualaba chini yake umelala mpana, na papo hapo mtandao ukarudi. Simu zote za behewa zikaanza kulia kwa pamoja. Treni ikasimama, na mimi nikatoa nusu ya mwili dirishani kugombania samaki waliokaushwa. Nyuma yangu nikasikia kijana analia kwa furaha: amepata diploma ya serikali. Behewa likalipuka. Watu wakaimba, wakapiga masufuria, na Mama Bijou, mama wa biashara kamili, akapasua katoni yake mwenyewe na kuanza kumwaga poda bure. Kisha nikasikia sauti yake tena, karibu.

"Na weye, mutoto? Ulikuwa année ya sita?"

"Eyo, mama."

"Ulipita?"

"Nilipita."

Niligeuka na samaki mkononi. Poda ilikuwa inashuka tayari, kwenye nywele, shingoni, mabegani. Kapinga alikuwa amefumba macho na kuinua uso. Watu wasiomjua walimpigia makofi, mmoja akamnyanyua juu, akina mama wakapiga vigelegele. Alicheka. Kicheko hicho yadi yetu haikuwahi kumpa hata siku moja. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Alipofumbua macho alinitazama, na hakuona haya. Alingoja tu nifanye nitakalofanya.

Nikamgeukia muuza samaki.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilikuwa bado na Kamina nzima mbele yake.

Bukama hadi Mwene-Ditu

Kamina ilitukamata tena, kwanza injini, kisha dereva, kisha sijui nini, maana hata waliokuwa wanaeleza walikuwa wamechoka kueleza. Kulikuwa na bomba la maji karibu na jukwaa. Watu walinawa, wakafua, wakaogesha watoto. Kapinga alinawa mikono na miguu. Kichwa alikifunga kitambaa, na shingo hakuigusa. Poda ilipoanza kufifia, Mama Bijou alimwongeza.

Nilimshika mkono pale bombani. "Nawa hiyo kitu."

"Sitaki."

"Ni bongo, Kapinga. Unavaa uongo shingoni."

"Mama, si weye njo unasemaka kila mutu anachagula yake mwenyewe? Basi, minachagula poudre."

Mkuki kwa nguruwe, wenzangu! Miaka yote ile niliwaambia ninyi, wachungaji, ndugu zangu, na kila aliyenyanyua nyusi: mwacheni mtoto achague. Pale Kamina nikamtisha na bibi yake.

"Na kwa Kaku utasema nini?" Kaku ndivyo Wakasai wanavyomwita bibi.

"Sijue bado."

Mama Bijou alitukumbatia wote wawili tulipofika Mwene-Ditu, akamwita Kapinga daktari wa kesho. Tukashuka. Mama mkwe alikuwa ameletwa kituoni na kiti, na wifi yangu, Tante Mado, amesimama kando yake na mwavuli. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema kwanza. Sikupata nafasi. Kapinga alikuwa amekifungua kile kitambaa.

"Jina yangu imepita!" mama mkwe alipiga kelele. "Mado, angalia! Jina yangu imepita!"

Akasimama. Miguu ile iliyotuleta kutoka Katanga, ile miguu inayouma, ikasimama na kucheza. Kituo kizima kikageuka. Kapinga akamkimbilia, na poda yake ikampaka bibi yake kifuani.

Mwene-Ditu, siku ya mbuzi

Walichinja mbuzi. Tangu asubuhi majirani waliingia na kutoka, wakiangalia msichana wa Likasi aliyekuja na matokeo yake kichwani. Mimi nilipewa kazi ya kusonga nshima, ule ugali tunaouita bukari, pamoja na Tante Mado, ambaye kwa mara ya kwanza tangu niolewe aliniita dada. Nilisonga huku nikisema moyoni: nitasema sasa, nitasema watu wakishaondoka. Lakini sikuwa mimi niliyesema.

Familia ilipokaa, mama mkwe alimweka Kapinga kwenye kiti kizuri kando yake. Tante Mado akasimama kutangaza. Kapinga akamtangulia.

"Kaku, nisamehe. Sikupita. Sikufanya ata ekzame. Minatoka ku masomo tangu nilikuwa mudogo. Hii poudre ni ya mu treni."

Nawaambia ukweli, kwa punje ya muda nilijivuna. Nilijisemea, tazameni, nilimlea mtoto asiyeweza kula mbuzi wa uongo. Kisha nikaona kwamba mama mkwe hamtazami Kapinga. Ananitazama mimi.

"Ulimutosha ku masomo?"

"Mama, anajua kusoma. Anajua hesabu, anajua kuchoma vyuma. Mpeni kitabu chochote."

"Na nani anajua kama anajua?"

Nilianza kueleza. Alinyanyua mkono.

"Ngoja. Weye ulikuwa mudogo, haujue. Siku ile ku gare ya Likasi balitukamata byote. Mashini yangu ya kushona. Bitanda. Ata masufuria, bukari ndani. Batoto bangu balipanda mu treni na nguo ya mwili tu. Lakini ile balibasomesha mu kichwa, nani angeitosha? Mado alifika hapa na brevet yake ya masomo imefichwa mu soutien, ku kifua, alipata kazi. Bale hawakusoma, tulibazika hapa hapa." Akamwonyesha Kapinga kwa kidole. "Mutu anaweza kukufukuza siku yoyote. Na weye unamuacha huyu mutoto ku gare, mikono mitupu."

"Bandugu yako balitutosha ku Likasi," Tante Mado akaongeza, bila kupandisha sauti. "Weye unamaliza kazi yabo."

Marafiki zangu, nimetukanwa sana kwa ajili ya watoto wangu. Mmenitukana ninyi pia, kwa mzaha na bila mzaha. Hilo la Tante Mado ndilo sitalisahau. Wakati ule mimi nilikuwa mtoto wa miguu mitupu, sikumfukuza mtu. Hata hivyo hasira zilinijaa.

Wakampigia simu mume wangu. Wakaweka sauti juu, kila mtu asikie. Mwanamume huyu, ambaye kwenye yadi huwahutubia wateja nusu saa juu ya uhuru wa mtoto, alikohoa, akasema mtandao ni mbaya, akasema tena: "Muulizeni Kapinga mwenyewe." Mtandao ukakatika kweli, au aliukata.

Basi wakamwuliza. Mama mkwe alimshika mkono, akamwuliza mbele ya wote kama anataka kurudi Panda au kubaki kwake asome. Kapinga alinigeukia mimi.

"Mama, usikasirike. Ku nyumba minajua bintu mingi. Lakini hakuna mutu anajua kama minajua. Minataka kubaki na Kaku." Machozi yalimchorea mistari kwenye poda. "Ni weye uliniuliza kila siku minataka nini."

Uamuzi ulikuwa bado mikononi mwangu. Tante Mado alikuwa akingoja nimwamuru, nimshike mkono nimburute kituoni, ili apate kusema mnaona. Amri moja tu ingetosha, ya kwanza tangu siku ya ile ndoo ya maji. Nilifungua mdomo. Lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilimlea achague.

"Sawa," nikasema.

Mama mkwe aliagiza maji, akamwosha poda yeye mwenyewe, polepole, kichwa mpaka shingo, kama anavyooshwa mtoto mchanga. "Tutakupaka ingine," alimwambia. "Ya kweli."

Kisha tukala. Mbuzi hakuwa na kosa. Alikuwa mtamu sana, na hilo pia lilinikasirisha.

Kurudi

Treni ya kurudi haikuharibika mahali popote. Nilipokuwa na haraka ilinifia kila kituo. Sasa sina ninachokimbilia, ikakimbia yenyewe, mataruma yote mazima, injini inaimba. Nilikuwa na kapu la mama mkwe mapajani: unga wa muhogo, nyama ya mbuzi iliyokaushwa, na kitambaa cha Kapinga kilichokuwa bado cheupe ndani. Hicho alinipa Kapinga mwenyewe kituoni, amenyoosha mikono miwili, na hakulia. Mimi nililia baadaye, mbele ya Kaniama, na mama wa pembeni yangu alifikiri ni vumbi akafunga dirisha.

Luena, nani aliyepanda? Yule mzee mwenye koti. Alinitambua kabla sijageuza uso.

"Mama! Na ule mutoto? Alipona?"

Niliangalia nje. Pori lote lilikuwa limekwisha kuungua, limebaki jivu na majani mapya machache. Kueleza ningeeleza nini tena, na kwa nani?

"Eyo, papa. Alipona. Anaingia ku masomo."

"Unaona!" Alifurahi, akapiga goti lake. "Si nilikuambia? Kuko dawa."

Akanipa yai.

Panda, Septemba

Shule zimefunguliwa. Nimewaona mkiwapeleka wenu, nyeupe juu, buluu chini, wameoga mpaka magoti yanang'aa. Wadogo zake Kapinga walisimama kwenye lango mpaka wa mwisho akapita, kisha wakaja wakakaa karibu na mbabula. Niliwauliza wanataka kufanya nini. Wakasema hawajui. Baba yao anachomelea tangu alfajiri na hanitazami machoni, na mimi sijamwambia neno juu ya ule mtandao wake mbaya. Ipo siku.

Jumapili iliyopita, mlipokuwa mnaniuliza mlangoni mwa kanisa, simu ilikuwa inalia mfukoni mwangu. Niliwaacha nikakimbilia nyuma ya ukuta. Alikuwa yeye, kwenye simu ya Tante Mado. Anaongea haraka, anacheka, ana marafiki wawili na wote wanasuka nywele namna moja. Wamemweka darasa la tano. Amesifiwa kwa kusoma, mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa na wote wakampigia makofi. Kaku anatembea sasa mpaka sokoni. Nilisikiliza yote. Sauti yake ilikuwa ya mtoto mwenye furaha, sitawadanganya, na kila neno lake la furaha lilinichoma. Nikamwuliza swali letu, kwa mazoea tu.

"Na leo, Kapinga, unataka kufanya nini?"

Akalirudia neno, kana kwamba nimemwuliza kwa lugha nyingine.

"Leo? Sijue, mama. Sijamuuliza Tante."

Kwa mbali nilisikia vyombo, na mama mkwe akiita jina lake, ambalo ni jina lao wawili.

"Mama," akasema, "minaweza kwenda kunywa mayi?"

Nikamwambia nenda.